Reli Moja, Vyama Viwili: Madai ya Demokrasia Chini ya Chama Kimoja, Yakitazamwa kutoka Makambako

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi na historia kuna usemi ambao umekwishakuwa kama kibwagizo: kwamba demokrasia ya vyama vingi nchini Tanzania "ililetwa". Wapo wasemao ililetwa na Mwalimu Nyerere. Wapo wasemao ililetwa na wafadhili. Na wapo wasemao eti ilikuja na upepo tu wa Ulaya ya Mashariki, kama vile mafua. Wote hao, pamoja na kutofautiana kwao, wanakubaliana katika jambo moja: kwamba wananchi wenyewe walikuwa wamekaa kitako, mikono mapajani, wakingoja kugawiwa.

Makala haya yanapinga dai hilo. Nitajaribu kuonyesha kwamba tangu chama kimoja kilipopewa nguvu za kisheria mwaka 1965 hadi sheria ya vyama vingi ilipoanza kutumika Julai 1, 1992, hapakuwa na muongo uliopita bila watu kudai wasikilizwe. Aidha, nitaonyesha kwamba madai hayo yalikuwa na fani yake, na kwa hiyo ni mali ya wahakiki wa fasihi kama yalivyo mali ya wanahistoria. Ili fani hiyo ionekane vizuri nitailinganisha na ya wenzetu wa China, ambao nao walidai haki hizo hizo chini ya chama kilichojiita cha wakulima na wafanyakazi.

Kwa nini China? Mimi ni mtoto wa nyanda za juu za Kitulo, huko ambako baridi haiombi ruhusa kuingia ndani. Kwetu sisi stesheni ya treni ni Makambako. Ukitoka Kitulo ukashuka Njombe, ukafika Makambako, unakuta njia panda: barabara ya Songea, barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina. Mtu aliyekulia njia panda hiyo hawezi kusoma habari za Tiananmen kana kwamba ni habari za mwezini.

Reli na maneno yaliyopanda treni

Mkataba wa kujenga reli hiyo ulitiwa saini Beijing mwaka 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, njia ikafika Tunduma mwaka 1973, na reli nzima, yenye urefu wa kilometa 1,860, ikakabidhiwa Julai 1976. Sehemu iliyowatoa jasho zaidi ni ile ya kutoka Mlimba kuja Makambako, ambako mlima ulitobolewa mahandaki na mabonde yakafungwa madaraja. Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Hilo ni deni la heshima, na mhakiki mwenye adabu hulitaja kwanza kabla hajaanza kukosoa.

Lakini pamoja na mataruma na mabehewa yalikuja maneno. Radio Peking ilikuwa imekwishaanza kutangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Kijitabu chekundu cha Mao kilipatikana kwa Kiswahili. Nyerere alizuru China mara ya kwanza Februari 1965, na Juni mwaka huo huo Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Baadaye mikutano yetu ya hadhara ikawa haifungwi bila mtu kupaza sauti kutakia maisha marefu fikra za Mwenyekiti wa Chama. Sidai kwamba kila kitu kilinakiliwa, maana Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na mizizi yake hapa hapa. Lakini vyama viwili hivi vilifanana katika kauli moja ya msingi: Chama ndicho wananchi, kwa hiyo anayekipinga Chama anawapinga wananchi. Msomaji aone jinsi kauli hiyo inavyofunga mlango. Kama mimi ndiye wewe, wewe utanidai nini?

Hapo ndipo ilipo kejeli ya historia yetu. Wachina waliokuwa wakitoboa mlima kuja Makambako walikuwa wanatoka katika nchi iliyokuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, ambako mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu ulisimamishwa tangu 1966 hadi 1977. Na nchi waliyoijengea reli nayo ilikuwa imeanza kugombana na wanafunzi wake.

Mlimani: kudai ahadi kwa maneno ya mtoa ahadi

Tusidanganyane: mwanzo wa ugomvi huo haukuwa wa kishujaa. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na baadhi yao walibeba mabango yaliyodai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwafukuza wanafunzi takribani 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Katika mchezo huo wa kuigiza, yeye ndiye aliyekuwa na mistari mizuri zaidi. Wasomi walionekana kama watu wanaotetea matumbo yao, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyokuwa.

Miaka mitatu tu baadaye mambo yalibadilika. Novemba 1969 wanafunzi wa chama cha USARF, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, walianza kutoa jarida lililoitwa Cheche. Jina hilo lilitafsiriwa kutoka jina la gazeti la Lenin. Humo ndimo Issa Shivji alimochapisha, mwaka 1970, uchambuzi wake wa matabaka nchini, akionyesha kwamba ndani ya dola ya Ujamaa lilikuwa linaota tabaka jipya la wakubwa. Novemba 1970 jarida na chama vyote vikapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ilihusu lile jina, kwamba Tanzania haihitaji kuazima itikadi ya nje. Hayo yalisemwa mwezi mmoja tu baada ya kuzinduliwa kwa reli iliyojengwa kwa mkopo wa serikali ya Kikomunisti ya China!

Kwetu sisi tunaoandika katika jarida la wanafunzi, kisa cha Cheche kinastahili kukaa kichwani. Waandishi wake hawakuwa mabwanyenye waliotaka ukoloni urudi. Walikuwa wajamaa kuliko Chama chenyewe. Kosa lao lilikuwa kukisoma Chama kwa makini.

Julai 1971 rais wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamikia ukiritimba katika uendeshaji wa chuo. Kikosi cha polisi kikaja kumchukua Mlimani akarudishwa kwao Kenya, na wanafunzi wakagoma. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Zaidi ya 300 walifukuzwa. Jumuiya yao ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya mbawa za Chama. Tena Mei 1990 Rais Mwinyi alikifunga chuo kizima, na masomo hayakurejea hadi mwanzo wa 1991.

Linganisha 1966 na 1978, msomaji. Katika 1966 wanafunzi walisema: tupeni zaidi. Katika 1978 walisema: ninyi msijipe zaidi, maana Azimio linakataza. Huo ndio mbadiliko wa fani ninaousema. Mdai ameacha kutumia maneno yake, ameokota maneno ya mtawala na kumrudishia mkononi.

Wafanyakazi walifanya hivyo hivyo, tena kwa ushujaa kuliko wasomi. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulikuwa na kifungu cha 15 kilichowakataza viongozi majivuno, ubwana na dharau. Chama kilidhani kimeandika mawaidha. Wafanyakazi wakasoma sheria. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilienea viwandani, na mara nyingi haikuhusu mshahara bali namna meneja anavyozungumza na watu. Mwaka 1973 katika kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walikwenda mbali zaidi wakakiteka kiwanda wakiendeshe wenyewe. Kasi hiyo iliwatisha wakubwa, na serikali ikaizima mwaka huo huo.

Litowa na Isimani: wasiokuwa na jarida

Hadi hapa nimezungumzia watu wenye kalamu au wenye mashine. Sasa tuje kwetu, maana mashambani hakukuwa na ukuta wa kubandika bango.

Ukishika barabara ya Makambako hadi Songea unapita Njombe, na mbele ya safari unaingia Ruvuma. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa kwa hiari yao, na baadaye vijiji takribani 17 vikaungana katika jumuiya iliyofahamika kwa kifupi kama RDA, chini ya Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja, wakaamua mambo katika mkutano wa kijiji, wakawa na mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao, na shule iliyofundisha kujitegemea kabla neno hilo halijawa wimbo. Nyerere aliwapenda. Maandishi yake juu ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 yalinufaika na mfano wao.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja RDA. Mali ikachukuliwa. Vijiji vile havikuwa vimempinga Mwalimu wala Azimio. Vilichokosa ni kitu kimoja tu: havikuwa vimeagizwa. Wakubwa wengi wa chama na wa mkoa waliona nguvu isiyotoka kwao, na nguvu ya namna hiyo, hata iwe ya kijamaa, haikuwa na mahali pa kukaa.

Kwa maoni yangu Litowa ndiyo harakati ya demokrasia iliyo kubwa kuliko zote tulizopata kuwa nazo, ingawa hakuna aliyeandamana. Baada ya kuvunjwa kwake, kijiji kiligeuka kutoka uamuzi wa wanakijiji na kuwa mpango wa ofisini. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara na kando ya reli ya Wachina. Kwa watu wa mkoa wa zamani wa Iringa, ambao Njombe ilikuwa ndani yake hadi ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, jambo hili halihitaji kusimuliwa sana. Familia ambazo kila moja ilikaa kwenye kilima chake, shamba mlangoni, zilijikuta zimepangwa mistari kama viazi.

Na kabla ya amri hiyo, Desemba 25, 1971, huko Isimani, Iringa, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia Ujamaa mashambani. Mwamwindi alishitakiwa, akahukumiwa kifo. Sipendi namna baadhi ya watu wanavyomfanya shujaa, maana kuua si hoja. Lakini mhakiki hana budi kuuliza swali la muundo: katika hadithi ambayo mhusika hana mahali pa kusema "hapana", mgogoro utafikiaje kilele? Mlimani kulikuwa na barua ya wazi. Litowa kulikuwa na mkutano. Isimani yote mawili hayakuwepo.

Ukutani Beijing

Sasa hebu tupande treni upande wa pili. Watu wengi hudhani madai ya demokrasia China yalianza na kwisha mwaka 1989. La hasha. Mwaka 1974, wakati wanakijiji wetu wanahamishwa, huko Guangzhou vijana watatu na mwenzao mmoja waliokuwa wakitumia jina moja la Li Yizhe walibandika bango refu wakidai demokrasia ya kijamaa na utawala wa sheria. Aprili 1976 maelfu walijaa uwanja wa Tiananmen kumlilia Zhou Enlai, na kilio hicho kikawa lawama kwa watawala, kikatawanywa kwa nguvu. Mwishoni mwa 1978 ukuta wa Xidan, Beijing, ukajaa mabango. Desemba 5 mwaka huo Wei Jingsheng, fundi umeme katika bustani ya wanyama, akabandika lake, akisema kwamba nchi iliyotangaza kujenga kilimo, viwanda, ulinzi na sayansi vya kisasa inahitaji jambo la tano, yaani demokrasia. Machi 1979 alikamatwa, akahukumiwa miaka 15.

Linalotuhusu zaidi wanafasihi ni kwamba katika ukuta huo huo kulibandikwa jarida la fasihi, Jintian, maana yake "Leo". Bei Dao na Mang Ke walilianzisha Desemba 1978, likapigwa marufuku 1980. Lilichapa mashairi na hadithi. Halikuwa na ilani ya siasa. Hata hivyo wakubwa walilielewa vizuri: mtu anayeandika "mimi" mahali ambapo kila mtu ameagizwa kuandika "sisi" ameshafungua mjadala. Cheche yetu iliishi mwaka mmoja, Jintian miaka miwili. Jarida la kwanza lilifungwa kwa kuwa la kijamaa kupita kiasi, la pili kwa kutokuwa la kijamaa vya kutosha. Kumbe kipimo hakikuwa ujamaa.

Ya 1989 yanajulikana. Hu Yaobang, kiongozi aliyeondolewa Januari 1987 kwa kudaiwa kuwalegezea wanafunzi, alifariki Aprili 15, na maombolezo yakageuka maandamano. Mei 13 mgomo wa kula ukaanza, Mei 20 ikatangazwa amri ya kijeshi, Mei 30 wanafunzi wa sanaa wakasimamisha uwanjani sanamu ya Mungu-mke wa Demokrasia, na usiku wa Juni 3 kuamkia 4 jeshi likaingia kwa risasi na vifaru. Idadi ya waliokufa bado inabishaniwa, kutoka mamia hadi maelfu. Waandamanaji hao waliimba wimbo wa Kimataifa wa wafanyakazi, wimbo wa Chama chenyewe. Na miongoni mwa viongozi wa chama huru cha wafanyakazi kilichoundwa siku hizo alikuwemo Han Dongfang, fundi umeme wa reli. Sisi wa Makambako tunafahamu fundi wa reli wa Kichina kama mtu asiyezungumza siasa, anayelima mboga zake nyuma ya kambi na kuamka kabla ya jua. Basi fundi wa namna hiyo naye alikuwa na la kusema, na alikaa jela miezi 22 kwa kulisema.

Kaptula ya mkubwa

Turudi kwenye fasihi ya Kiswahili. Kama fani ya madai ni kumrudishia mtawala maneno yake, nani ameitumia vizuri zaidi kuliko Euphrase Kezilahabi? Katika Gamba la Nyoka (1979) anaupeleka Ujamaa kijijini na kuuacha ujieleze wenyewe mbele ya wazee wasiotaka kuhama. Katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuchapwa miaka ya 1990, mtawala anavaa kaptula la Marx ambalo halimtoshi, anatembea nalo akiongoza msafara kwenda nchi ya Usawa. Mtazamaji anacheka, halafu anajiuliza anamcheka nani.

Wahakiki wengi husema mchezo huo unaubeza Ujamaa. Mimi nasema wamesoma haraka. Kaptula halikosolewi kwa kuwa la Marx. Linakosolewa kwa kuwa aliyelivaa hakupimwa, na waliomzunguka hawathubutu kumwambia kwamba linamvuka. Tatizo si nguo, tatizo ni ukimya wa fundi cherehani. Ukisoma hivyo utaona kwamba Kezilahabi amesimama mahali pale pale walipokuwa Cheche, Akivaga na wafanyakazi wa Mount Carmel. Na ule muda mrefu kati ya kuandikwa na kuchapwa ni sehemu ya maudhui yake: mchezo ulikaa ukingoja miaka ambayo ungeweza kusomwa bila mtu kuangalia nyuma.

Wala fani hii haikuzaliwa na Ujamaa. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert alimsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na Karama akajitetea kwa kuwasimulia watawala visa vya wajumbe waliotumwa na nchi yao wenyewe kisha wakafungwa waliporudi na habari njema. Kitabu kiliandikwa chini ya mkoloni, lakini tangu Uhuru kila kizazi cha wanafunzi kimekisoma kikitafuta jina la mfalme wake. Hiyo ndiyo sifa ya mafumbo: hayana tarehe ya kwisha muda.

Wengi walisema chama kimoja

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na sitaki kuizunguka. James Mapalala alitiwa kizuizini mwaka 1986 kwa kudai vyama vingi, na hakuna kijiji kilichoinuka kumtetea. Februari 1990 Nyerere alisema kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Juni 1991 ikafanyika semina ya mageuzi Dar es Salaam, ikazaa kamati ya kudai katiba mpya iliyoongozwa na Chifu Abdallah Fundikira. Wakati huo Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoteuliwa mwanzo wa 1991, ilikuwa ikizunguka nchi nzima. Ilipokea maoni ya watu 36,299. Asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Sasa harakati gani hizo, mtu atauliza, ambazo wananchi wenyewe wamezikataa?

Nina majibu mawili. Kwanza, wengi kati ya hao waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe. Walikuwa wanasema kile kile ambacho wafanyakazi wa 1971 walisema: timizeni mlichoandika. Anayehesabu kura za Tume kama "ndiyo" na "hapana" anasoma muhtasari na kuacha maandishi yenyewe. Pili, kwa mkulima, neno "vyama vingi" lilikuwa neno la mjini, wakati "nisihamishwe bila kuulizwa" lilikuwa neno lake. Tume yenyewe ilielewa hivyo. Ilipendekeza vyama vingi licha ya hesabu, na pia ikaorodhesha sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ile ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962. Vyama tulipewa upesi. Zile sheria 40 ndizo zilizochelewa. Na mimi naamini Mwamwindi, Millinga na Akivaga wangezihitaji zile sheria kufutwa kabla ya kuhitaji bendera mpya.

Kwa nini basi kwetu mlango ulifunguliwa 1992, na China ukafungwa 1989? Si kwa sababu eti sisi ni wapole kwa asili. Waulizeni Wazanzibari, ambao baada ya Mapinduzi ya 1964 walingoja uchaguzi hadi 1980. Sababu zilikuwa za kimuundo. Chama chetu kilipata madaraka kwa mikutano na kura, na hata kilipobaki peke yake kiliacha kidirisha: katika uchaguzi wa 1965 na uliofuata wagombea wawili walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mawaziri waliweza kuanguka. Mpiga kura aliweza kubadili mtu ingawa hakuweza kubadili chama. Pili, Nyerere aling'atuka urais 1985, na kwa hiyo mwaka 1990 aliweza kusema maneno ambayo mwenye kiti hawezi kusema. Tatu, tulikuwa mufilisi, tumekwishasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. China haikuwa na mfadhili wa kumwogopa. Sababu hii ya tatu ndiyo wanayoishika wale wa "ililetwa". Lakini upepo hausukumi jahazi lisilo na tanga, na tanga hilo lilishonwa Mlimani, viwandani na Litowa.

Hitimisho

Tusihitimishe kwa kujipongeza. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Aprili 2025 kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, alishitakiwa kwa uhaini, na uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 uliambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Huko Kibaha, Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China na kufunguliwa 2022, inafundisha makada wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo. Na kule China, Liu Xiaobo, mhakiki wa fasihi aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani 2010, alifariki Julai 2017 akiwa bado anatumikia kifungo cha miaka 11. Alikuwa mhakiki wa fasihi, wanazuoni wenzangu. Mtu wa fani yetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa idara yetu. La kwanza, tuache kufundisha fasihi ya kipindi cha Ujamaa kama orodha ya wanaounga mkono na wanaopinga. Tuisome kama mazungumzo ya watu waliokuwa wakidai ahadi. La pili, sisi wanafunzi tunaokwenda nyumbani likizo, tuwaulize wazee habari za mikutano ya vijiji ya miaka ile: nani alisimama, alisema nini, na ilikuwaje baada ya hapo. Maneno ya Cheche yamehifadhiwa maktaba. Maneno ya mikutano ya Njombe, Makete na Makambako yamo vichwani mwa watu waliokwishapita miaka 70, na kila masika tunawazika. Mhakiki anayengoja maneno hayo yachapwe ndipo ayahakiki atakuta hakuna cha kuhakiki.